Jirani wa Reli na Simu Yake

Reli ni jirani mkubwa kwa wale wanaokaa karibu nayo. Ilipofika ilichukua ardhi, ikakata njia za maji na za mifugo, ikainua tuta la udongo baina ya boma na kisima, kisha ikaketi mahali pake isihame tena. Jirani wa namna hii ana wajibu kwa wenzake. Katika insha hii nataka kudai wajibu mmoja tu, nao ni huu: kila mahali reli ipitapo katika nchi yetu, mtandao wa simu na upite pamoja nayo, tena uwafikie wenyeji wanaokaa kando ya njia kabla ya kuwafikia abiria wanaopita. Sehemu ya kwanza ya dai hili hapana anayeipinga kwa maneno. Sehemu ya pili najua itawaudhi baadhi ya watu, na kwa ajili yao nimeishika kalamu.

Tangu tarehe 31 Mei 2017, ilipofunguliwa reli mpya ya Mombasa na Nairobi, malalamiko ya abiria yamekuwa mengi na yenye sauti. Mtu apandaye gari pale Miritini ana simu iliyojaa moto. Akishapita Mariakani na kuingia nyikani, mazungumzo yake huanza kukatika. Ndani ya mbuga ya Tsavo hukatika zaidi. Picha aliyotaka kuitazama husimama nusu, na barua aliyotaka kuipeleka hukataa kwenda. Afikapo Nairobi hueleza taabu yake kwa kila mtu, na magazeti humsikiliza. Simlaumu, kwa kuwa aliyelipa nauli ana haki ya kusema. Walakini taabu yake ni ya saa tano au sita. Akiisha kushuka amesahau. Upande wa pili wa kioo cha dirisha lake, mbali kidogo na ua wa reli, yuko kijana aliyesimama na mbuzi akilitazama gari linapita. Naye pia ana simu mfukoni, na taabu yake haina kituo cha kushukia.

Wako watu wazima wanaodhani kwamba simu kijijini ni pambo, na kwamba asiye na mtandao amekosa mchezo tu. Rai hii huenda ilikuwa na ukweli zamani kidogo. Leo haina. Serikali yenyewe imeihamisha ofisi yake ikaitia ndani ya simu: mwaka 2023 ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana kwa njia ya eCitizen. Fedha, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hutembea sana kwa simu. Mwanafunzi amalizaye kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kwa mtandao, katika siku zilizowekwa, na siku zikipita mlango hufungwa. Hata tiketi ya gari hilo lipitalo mbele ya kijana wetu huagizwa na kulipiwa kwa simu. Tazameni mzaha wake: anayekaa karibu na reli aweza kushindwa kununua nafasi katika gari analoliona kila siku, na anayekaa mbali nayo, mjini, ainunue akiwa kitandani.

Katika shule niliyofundisha mara ya kwanza baada ya kutoka chuo cha ualimu palikuwa na kilima kidogo, mwendo wa nusu saa kutoka madarasani. Wanafunzi walikiita Posta. Nilidhani zamani ilikuwako ofisi ya barua, kumbe jina lilitokana na kwamba juu ya kilima hicho, karibu na mbuyu mmoja, simu ilipata mtandao. Jioni ungaliwaona watu wa kila umri wamesimama pale wameinua mikono kama waombao mvua: mama asubiriye fedha kutoka kwa mumewe aliyeko Changamwe, mzee anayetafuta bei ya mbuzi, kijana anayeomba nafasi ya chuo. Mvua ya kweli ikinyesha, Posta hufungwa. Usiku pia hufungwa, maana nyoka ni wengi na ndovu hupita. Mahali hapo palikuwa karibu na reli kiasi cha kusikia honi ya gari la mizigo.

Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipozifunga shule zote nchini, tuliambiwa masomo yataendelea kwa redio, kwa televisheni na kwa simu. Mimi na wenzangu tulitunga mazoezi tukayatuma. Waliokuwa mijini waliyapata na kuyajibu. Wa nyikani waliyapata kwa makundi, baada ya wiki, kila mmoja alipobahatika kufika kilimani, na wengine hawakuyapata kabisa. Mtihani uliofuata ulikuwa mmoja kwa wote. Hapana msahihishaji aliyeandika pembeni mwa karatasi kwamba huyu alisoma na mtandao na yule alisoma na upepo.

Tena jambo hili si jipya. Ujenzi wa reli ya kwanza ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na ukingoni mwa ziwa, mahali paitwapo leo Kisumu, mwaka 1901. Pamoja na reli ulikwenda waya wa simu, nguzo baada ya nguzo. Waya ule uliwajengea wenye reli na wenye serikali njia ya kuzungumza wao kwa wao juu ya vichwa vya wenyeji. Kwa mwenyeji ulikuwa shaba tu inayong'aa. Katika nchi ya Wanandi vijana waliukata wakafanya mapambo, na vitabu vya watawala vikawaita wezi. Yapasa kuuliza waya ule ungalikuwa na maana gani nyingine kwao, hali hapana neno lao hata moja lililopita ndani yake. Katika vita vya Wanandi na wajenzi wa reli, tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa katika kikao alichoitiwa kwa jina la amani.

Nimeitaja habari hiyo kwa sababu reli mpya imerudia desturi ya kale kwa vyombo vizuri zaidi. Gari haliendi kwa bahati. Dereva hana budi kuzungumza na wasimamizi wa safari wakati wote, na kwa hiyo reli mpya ilijengewa mtandao wake wenyewe wa redio, wenye minara yake kando ya njia, kila baada ya kilomita chache, nayo minara huunganishwa kwa nyuzi za kioo ambazo watu huziita faiba. Mtandao huo ni wa reli peke yake. Simu yako na yangu haziingii humo, na kwa ajili ya usalama wa safari ni vema zisiingie. Lakini fikirini maana yake. Mahali pale pale ambapo mwenyeji huambiwa kwamba mtandao hauwezekani kwa kuwa ni nyika, kwa kuwa ni mbali, kwa kuwa hakuna umeme, pamesimama mnara wenye umeme na waya, na habari zinapita usiku na mchana. Hauwezekani kwa nani, basi?

Wanafunzi wa fizikia watataka kujua kwa nini simu hukatika, na wana haki ya kujibiwa. Mawimbi ya simu husafiri kwa mstari karibu kama mwanga. Kilima huyazuia, na mbali huyadhoofisha. Mawimbi marefu huenda mbali kuliko mafupi, na mafupi hubeba habari nyingi zaidi. Ndiyo sababu mnara ufaao mjini si lazima ufae nyikani. Behewa la gari ni sanduku la chuma, na chuma hurudisha mawimbi nyuma. Tena gari likimbiapo kilomita 120 kwa saa, simu iliyomo ndani hulazimika kuacha mnara mmoja na kushika mwingine kila baada ya dakika chache, na mnara wa pili ukikosekana mazungumzo hufa. Haya yote yana dawa, na dawa yake yajulikana: minara iliyo karibu zaidi kando ya njia.

Hapa ndipo penye hatari, na hapa naomba msomaji asome polepole. Mnara wa simu haumwagi mawimbi pande zote sawasawa kama taa ya kibatari. Vyombo vilivyo juu yake huelekezwa, mithili ya kurunzi. Mhandisi akiambiwa, "Wahudumie abiria," ataielekeza kurunzi yake mbele na nyuma kuifuata reli, kwa kuwa ndiko waliko abiria, na hatakuwa amekosea kitu katika kazi aliyopewa. Njia ya chuma itang'aa kwa mtandao kutoka Mombasa hata Nairobi, nacho kijiji kilicho kilomita tatu upande wa kusini kitabaki gizani kama jana. Gharama itakuwa imetumika. Ripoti itaandikwa kwamba reli imehudumiwa. Na mtu wa kijiji akilalamika ataonyeshwa ripoti.

Sibuni jambo. Katika nchi ya Ujerumani, mwaka 2019, serikali ilipoziuzia kampuni haki ya kutumia mawimbi, iliweka sharti kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2022 njia za reli zenye abiria zaidi ya 2,000 kwa siku ziwe na mtandao wa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde. Nasifu ule moyo wa kuweka sharti. Serikali inayouza mali ya umma bila sharti ni mlinzi aliyelala. Lakini kipimo chake hakitufai sisi. Kipimo hicho huhesabu vichwa vilivyo ndani ya gari. Kwetu Kenya walio nje ya gari ndio wanaohitaji zaidi, na tukiiga kipimo cha Wajerumani bila kukigeuza tutakuwa tumewanunulia mwavuli watu waliomo ndani ya nyumba.

Sasa niwajibu wapinzani. Wa kwanza ni mfanyabiashara. Husema kwamba mnara ni ghali, watu wa nyika ni wachache na fedha zao ni chache, na kampuni si sadaka. Kwa kipimo cha duka lake amesema kweli. Lakini hoja yake yamsahau mwenye uwanja. Mawimbi ni mali ya taifa. Kampuni hupewa ruhusa ya kuyatumia kwa muda, na sheria yetu, baada ya kurekebishwa mwaka 2009, ilianzisha Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kampuni huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao kila mwaka, kusudi mahali pasipo na faida papate huduma. Fedha hizo zilikusanywa kwa jina la watu wa mahali kama hapa. Hali kadhalika reli yenyewe. Reli ya Mombasa na Nairobi iligharimu kama shilingi bilioni 327, nyingi zikiwa mkopo kutoka China, na tangu mwaka 2013 iko kodi ya kuendeleza reli inayotozwa juu ya bidhaa ziingiazo nchini. Mama wa Kinango anunuapo shati la mtumba ameilipia reli, ingawa hajapata kuipanda. Asiitwe mwombaji anapodai mnara. Ni mshirika asiyepewa fungu lake.

Mpinzani wa pili ni mpenda maarifa mapya. Huyu hutuambia tungoje, kwa kuwa satelaiti zimekuja na minara itakuwa ukale. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2023 huduma ya Starlink inauzwa Kenya, na kwa shule au zahanati iliyo mbali ni msaada mkubwa; ningefurahi kuiona juu ya paa la kila shule ya nyika. Lakini chombo chake hukaa juu ya paa, kina bei, na kila mwezi kina ada. Mchungaji wa Maungu anatembea, na simu yake ni ile ndogo ya vitufe. Huambiwa pia kwamba karibuni satelaiti zitazungumza na simu yoyote moja kwa moja. Siku hiyo ikiwafikia watu wa nyika tutaipokea kwa furaha. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne mwaka huu hana nafasi ya kuingoja.

Wa tatu husema minara itaharibu mbuga na kuwasumbua wanyama. Kwa huyu sina maneno mengi. Reli nzima, na tuta lake, na madaraja yake, imepita katikati ya Tsavo. Anayemeza ngamia asikabwe na kinyweleo chake. Isitoshe, askari wa wanyamapori naye huhitaji kupiga simu, na mkulima wa mpakani mwa mbuga humhitaji askari huyo zaidi kuliko sote, hasa usiku ndovu wakiwa shambani.

Wa nne ni mwalimu mwenzangu. Husema simu zitawaharibu vijana. Heri nyika ibaki kimya wapate kusoma. Nakiri kwamba simu huiba saa za kijana, nami huzizuia darasani kwangu. Lakini hapana aliyependekeza kwamba vijana wa Nairobi wanyimwe mtandao ili wapate adabu. Tunapowatakia watoto wa maskini ukimya ambao hatuwatakii watoto wetu wenyewe, huo si ulezi.

Liko jambo jingine lililo zito kuliko vyuo na fedha. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji ya mvua yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, mahali ambapo njia ya maji chini yake iliziba, yalivunja na kuteremka juu ya nyumba za watu waliolala. Watu zaidi ya 40 walikufa. Sisemi kwamba walikufa kwa kukosa mtandao. Kusema hivyo ni kuwatumia marehemu kwa hoja isiyokuwa yao. Nasema kwamba reli hubeba hatari zake kwa jirani, na kwamba hatari ya namna hii huonekana na mtu kabla ya kuanguka: mchungaji huona maji yakipanda, mama huona ufa katika tuta. Mtu huyo akiwa na njia ya kusema, na ofisi ikiwa na njia ya kuzionya simu zote za bondeni kwa mara moja, dakika chache zaweza kuwa maisha. Mashine za kutuma onyo kama hilo ziko duniani. Haziwezi kufanya kazi mahali pasipo mnara.

Basi nini kifanywe? Kwanza, shirika la reli likodishe nafasi katika minara na faiba yake kwa kampuni za simu, bila kugusa mtandao wa usalama wa gari. Kampuni zetu tayari hukaa pamoja katika minara ya kukodi mijini. Nyikani, ambako gharama ni kubwa na wateja ni wachache, kuna sababu zaidi ya kufanya hivyo. Pili, Mamlaka ya Mawasiliano iweke sharti katika leseni, na kipimo cha sharti kichukuliwe kijijini: shuleni, zahanatini, kisimani, sokoni. Gari lenye vyombo vya kupimia likipita juu ya reli lisihesabiwe kuwa ushahidi. Ikiwa kijiji kilicho karibu na njia hakina mtandao, njia hiyo isiandikwe kwamba imehudumiwa, hata kama abiria wote wanatazama sinema. Tatu, kwa kuwa habari za kuifikisha reli mpya Kisumu na Malaba zimesemwa kwa miaka mingi, sharti hili liandikwe katika mkataba mapema. Tuta likiisha kusimama, kuomba huwa kazi ngumu.

Ninyi mnaosoma kitabu hiki hamna leseni za kutoa wala mikataba ya kuandika. Lakini ibara ya 37 ya katiba yetu ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka za umma, nalo ombi zuri ni kazi ya insha kama kazi nyingine. Shule iliyo karibu na reli na iandike lake. Msijaze karatasi kwa maneno ya huzuni. Ofisi zina huzuni za kutosha. Andikeni jina la kijiji na kata ndogo, kituo cha reli kilicho karibu, na umbali baina yake. Andikeni mahali mtandao upatikanapo na mwendo wa kufika huko kwa dakika, mchana na wakati wa mvua. Hesabuni wanafunzi wa darasa moja waliochelewa kuomba nafasi ya chuo mwaka jana, na sababu ya kila mmoja, bila kutaja majina yao. Anayesafiri kwa gari aandike katika daftari saa na mahali simu yake ilipokatika na iliporudi. Kwa ajili hiyo mtu asivuke ua wa reli wala asipande tuta. Gari haliwezi kusimama upesi kwa ajili ya mwenye daftari. Ombi likiisha kutiwa sahihi na mwalimu mkuu, nakala moja iende kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ya pili kwa shirika la reli, ya tatu kwa mbunge, na ya nne ibaki katika maktaba ya shule pamoja na tarehe ya kupelekwa, ili darasa la mwakani lijue ni siku ngapi zimepita bila jibu.